Iandikie AI daftari lako mwenyewe

Mimi hujibu maombi ya wageni wa nyumba mbili hapa Shela, Lamu. Wajerumani, Wataliano, watu wa Nairobi wanaotafuta nafasi ya Desemba: wote wanataka jibu leo, na ChatGPT na Claude, programu za AI (akili mnemba), hunisaidia sana kuandika. Tabu ni kwamba mazungumzo mapya mara nyingi huanza bila kujua lolote. Ukiiacha hivyo, AI itamwahidi mgeni teksi ya kumtoa uwanja wa ndege, na uwanja wenyewe uko Kisiwa cha Manda. Mtu huvuka kwa boti.

Programu hizi hufanyia kazi maandishi yaliyo mbele yao wakati huo. Mazungumzo yakirefuka mno, ya mwanzoni huweza kuachwa nje. Ni kweli, ChatGPT ilianza kuwekewa kumbukumbu mwaka 2024, lakini mara nyingi huchagua yenyewe la kushika. La kushika nataka nilichague mimi.

Basi fungua noti moja kwenye simu. Juu kabisa eleza wewe ni nani, unafanya kazi gani na majibu unayapenda vipi. Kisha weka mambo ya kazi, kwa sentensi kamili, kama unamwandikia mtu asiyewahi kufika Lamu. Ukiandika “Takwa, maji” hujamwambia kitu. Yangu inasema hivi:

“Safari ya magofu ya Takwa huenda maji yakijaa, kwa sababu boti hupita kwenye mkondo ndani ya mikoko na maji yakitoka hukwama. Saa ya kuondoka hubadilika kila siku. Usikisie, niulize.”

Hiyo “kwa sababu” usiiache. Mgeni akiomba kusogeza safari hadi alasiri, AI itaweza kumweleza kwa upole kwa nini haiwezekani, badala ya kukubali tu. Na “usikisie” ina kazi yake: maji kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, na AI isiyo na jedwali la maji itakutajia saa yoyote kwa ujasiri kamili.

Saa nazo ziandikie mstari wake. Mimi nimeweka: “Nikisema saa tatu asubuhi ni 9:00. Kwa mgeni tumia saa za Kizungu.” Bila mstari huo mtu ataambiwa afike gatini alfajiri.

Bei ziwekee tarehe, na bei mpya ikija ifute ya zamani palepale. Zikikaa mbili, huwezi kujua itaokota ipi.

Kabla ya kufunga mazungumzo, iambie: “Niandikie kwa ufupi mambo mapya tuliyokubaliana, yatakayofaa siku nyingine.” Usinakili kabla ya kusoma mstari kwa mstari. Hapa ndipo penye kazi hasa. Ukiwa umesema upepo wa kusi ni mkali wiki hii na nahodha hatoki, inaweza kukuandikia kwamba mwezi Juni hakuna safari za mashua. Mstari kama huo ukiingia kwenye noti utakufukuzia wageni msimu mzima. Sahihisha kwa mkono wako, halafu ndio ubandike.

Ukianza mazungumzo mengine, bandika noti yote mwanzoni. ChatGPT ina sehemu ya maagizo ya kudumu kwenye mipangilio, na Claude ina miradi ambamo unaweka faili ikasomwa kila mara. Zitumie, lakini asili ibaki kwenye simu yako, ili ukihamia programu nyingine uhame nayo. Isizidi ukurasa mmoja; ikiwa ndefu sana, la maana hupotea katikati.

Nambari za pasipoti, simu za wageni na PIN ya M-Pesa haziingii humo kabisa. Mgeni amekuamini, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Nikisafiri, binamu yangu ndiye anayejibu wageni. Humtumia noti hiyo hiyo kwa WhatsApp, naye akibadilisha kitu huweka tarehe na herufi ya kwanza ya jina lake, nijue ni nani wa kumwuliza.