Jinsi ya kujua mutesheni imeifanya nini protini

Ukiwekewa DNA mbili, ya kawaida na iliyobadilika, usikimbilie kukariri majina ya mutesheni (mabadiliko ya herufi za DNA), we tafuta ATG, ndo usomaji unapoanzia, halafu kata herufi tatu tatu kuanzia hapo, kila tatu ni kodoni moja. Huu ndo mwanzo wa jeni ya beta globini, sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT

Tucheze na GAG ya kwanza. Vitabu vingi vinaiita ya 6 wakati we ukihesabu unapata 7, usichanganyikiwe, amino asidi (kijenzi cha protini) ya ATG huwa inaondolewa baadaye ndo maana hawaihesabu.

Kwanza hesabu herufi. Kama idadi ni ileile, fungua jedwali la kodoni, linaloonyesha kila kodoni inaleta amino asidi gani. GAG ikiwa GAA bado ni asidi glutamiki, protini haijabadilika kitu. Ikiwa GTG inaingia valini na hapo ndo selimundu inapotokea, maana asidi glutamiki ina chaji hasi na inapenda maji ila valini inayakimbia, sasa oksijeni ikishuka hemoglobini zinanatana zinakuwa nyuzi ndefu na chembe nyekundu inapinda kama mundu. Ikiwa AAG inaingia lisini, hiyo ni hemoglobini C, na mwenye nayo hasumbuki kama wa selimundu. Kodoni ileile jamani! Kwa hiyo ukijibu tu "amino asidi imebadilika" hujajibu, sema iliyotoka ilikuwa na tabia gani na iliyoingia ina tabia gani.

Ikiwa TAG, hiyo ni kodoni ya kusimamisha (zenzake ni TAA na TGA), protini inakatikia hapo na kipande cha amino asidi sita hakina kazi yoyote.

Idadi ikipungua au kuongezeka, angalia kama tofauti inagawanyika kwa 3. Toa A kwenye GAG yetu uone:

CCT GGG AGA AGT CT...

Kila kitu baada ya hapo kimesogea, zinasomwa amino asidi zingine kabisa mpaka ikutane na kodoni ya kusimamisha isiyo yake, na hii ipo kweli, inaleta thalasemia ya beta, ugonjwa wa kupungukiwa hemoglobini. Ikigawanyika kwa 3 usomaji hausogei, ila usiseme haina madhara: mutesheni inayoongoza kwa kuleta sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaosumbua hasa mapafu) inafuta herufi tatu tu, amino asidi ya 508, fenilalanini, inakosekana, protini inajikunja vibaya na seli inaiharibu kabla haijafika kwenye utando wa seli.