Kuwatunza nyuki na wachavushaji wengine kijijini: pa kuanzia

Vikundi vingi vinavyotaka kuwasaidia nyuki huanza kwa kutafuta fedha za mizinga. Mizinga ina faida yake, lakini asali ni jambo moja na uchavushaji, yaani kuhamisha chavua (unga wa maua) kutoka ua hadi ua ili mmea uzae, ni jingine, na wadudu wengi wanaochavusha mazao yetu hawajawahi kukaa ndani ya mzinga. Ua la bilingani, kwa mfano, hufungia chavua ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo kwenye ncha. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao hulikumbatia ua, akatetemesha misuli ya mabawa yake kwa mvumo unaosikika, na chavua ikammwagikia kifuani. Nyuki wa asali hana uwezo huo. Mpapai jike nao huletewa chavua na nondo wanaoruka machweo.

Kwa hiyo anzeni kwa kutambua mlio nao. Zungukeni mashamba alfajiri, wakati maua ya maboga yamefunguka, kwa kuwa hujifunga kabla ya adhuhuri, mkitazama pia ardhi tupu ya kando ya njia yenye vitundu vya nyuki wanaoishi peke yao, magogo makavu, na kuta za udongo ambamo kimrija cha nta hutokeza mahali walipo nyuki wadogo wasiouma. Sehemu hizo ziwekeeni alama, zisilimwe wala kuchomwa moto. Kuni zinaweza kukatwa kwingine.

Jambo gumu zaidi ni viuatilifu, na hapa ndipo juhudi za mtu mmoja hazifui dafu, kwa sababu nyuki hawajui mipaka ya mashamba. Kubalianeni kwamba hakuna atakayenyunyizia mimea iliyochanua isipokuwa kwa lazima, na ikilazimu afanye hivyo jioni, nyuki wakiwa wamerudi, baada ya kufyeka magugu yenye maua yaliyo chini ya mazao. Anayenyunyizia awaarifu mapema jirani zake wenye mizinga. Kwa vijiji vya Tanzania, makubaliano hayo yanaweza kuwa sheria ndogo: halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, kisha halmashauri ya wilaya huiidhinisha. Utaratibu huo ni mrefu, lakini bila huo mkaidi mmoja mwenye bomba la kunyunyizia atawashinda nyote.

Kwenye mipaka pandeni mimea inayopokezana kuchanua, kama vile kivumbasi, mbaazi na alizeti, na muiache migunga iliyopo. Wakati wa kiangazi wekeni maji katika sinia lenye kokoto za nyuki kutua, na myabadilishe mara kwa mara.

Mizinga, ikiwa bado mnaihitaji, ije baada ya hayo, kwa ushauri wa afisa nyuki wa wilaya, na itundikwe mbali na makazi, shule na njia za mifugo.