SOMO: Jinsi ya kucheza chesi ya ghorofa tatu ya Star Trek

Wakuu, wengi mmeiona: Kirk, nahodha wa chombo cha anga, na Spock, msaidizi wake, wamekaa mezani, katikati yao kuna kitu kama rafu ya vioo, Kirk anasogeza kete moja na Spock anainua nyusi. Tamthilia yenyewe ya televisheni, Star Trek, ilianza kurushwa 1966, lakini haikuwahi kukaa chini ikatueleza kete zile zinakwendaje. Sheria zimekuja kuandikwa na mashabiki, na ziko za aina zaidi ya moja. Hizi ndizo tunazotumia mezani kwetu. Nachukulia chesi ya kawaida unaijua. Kama bado, anza na hiyo, hapa utapotea mapema.

Hatua ya 1: Ubao

Unahitaji mbao kubwa tatu za miraba 4 kwa 4. Hazipangwi kama sahani kabatini, zinapanda kama ngazi. Ubao wa chini, ambao ni wa mweupe, una mistari ya 1 hadi 4. Wa kati una 3 hadi 6. Wa juu, wa mweusi, una 5 hadi 8. Safu zake zote ni a hadi d.

Kisha kuna mbao ndogo nne za 2 kwa 2, kila mchezaji mbili, zinazochomekwa kwenye kona za mbao kubwa. Robo tatu ya ubao mdogo inatokeza nje, ndiyo maana tunaongeza safu ya z kushoto na e kulia, na mstari wa 0 nyuma ya mweupe na wa 9 nyuma ya mweusi. Piga hesabu: 48 na 16 ni 64, ile ile ya siku zote.

Ukitengeneza mwenyewe kwa maboksi, acha nafasi ya mkono kupita kati ya ghorofa. Wa kwanza niliojenga ulikuwa mfupi mno. Kila nikimfuata askofu wa ubao wa kati naangusha nusu ya jeshi la juu.

Hatua ya 2: Kupanga kete

Mweupe: ubao mdogo wa kushoto unabeba ngome (z0), malkia (a0) na askari wawili mbele yao. Wa kulia unabeba mfalme (d0), ngome (e0) na askari wawili. Kwenye ubao mkubwa, mstari wa 1 ni farasi, askofu, askofu, farasi, na mbele yao askari wanne. Mweusi anapanga hivyo hivyo upande wake.

Hatua ya 3: Tazama kutoka juu

Hapa ndipo watu wanapotishika bure. Simama, angalia ubao kama ndege anayepita. Kete zote zinatembea kama ulivyozoea. Kinachoongezeka ni kwamba njiani unaweza kubadili ghorofa.

Chukua farasi wa a1. Kwa mwendo wake wa kawaida anafika b3. Lakini b3 ziko mbili, moja ubao wa chini na nyingine ubao wa kati, kwa sababu mistari ya 3 na 4 iko kwenye mbao zote mbili. Unachagua. Akikaa chini analinda nyumbani, akikaa kati anawahi safari ya kwenda kwa mweusi.

Hatua ya 4: Mbao ndogo

Utamu wote uko hapa. Badala ya kusogeza kete, zamu yako unaweza kuitumia kuhamisha ubao wako mdogo hadi kona ya jirani, mradi uwe mtupu au una kete moja tu. Ukiwa mtupu unaweza hata kurudi nyuma. Ukiwa na abiria, ni mbele au pembeni tu.

Tuseme ubao wako wa kushoto umebaki na askari mmoja, yule wa z1. Unauhamishia kona ya mbele ya ubao wa chini. Sasa unafunika mistari ya 4 na 5, na askari wako yuko z5. Hajapiga hata hatua moja! Tena z5 yenyewe haikuwepo kabla ya hapo. Anayecheza kwa mazoea ya ubao bapa haoni kabisa hatari hii ikija.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kete inaweza kupanda wima tu, kutoka chini hadi juu?*

Hapana. Ukitazama kutoka juu lazima iwe imesogea angalau mraba mmoja.

*Kete ya ghorofa nyingine inanizibia njia?*

Sisi tunapita kama kuna mraba mwingine mtupu kwenye nafasi hiyo hiyo. D4 ya chini ina mtu, ya kati haina? Ngome inapita kwa kati. Wengine wanahesabu njia imefungwa, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuanza, si katikati ya ugomvi.

*Mfalme mbona amebanwa hivyo?*

Kweli, mwanzoni hana hata mraba mmoja wa kukimbilia. Kujificha na ngome ya jirani (castling) ni rahisi: wanabadilishana tu nafasi, d0 na e0.

*Askari akifika a8 anakuwa malkia?*

Kama kuna ubao mdogo kwenye kona hiyo, bado, maana a9 ipo mbele yake. Ubao ukiondoka, anapanda cheo palepale. Ndiyo maana mweusi mwerevu anauacha ubao wake pale pale.

*Hivi ni Star Trek waliobuni chesi ya ghorofa?*

Hapana, mkuu. Mjerumani Ferdinand Maack alitoa yake mwaka 1907, na mwishowe ikawa ya mbao tano za 5 kwa 5, miraba 125, na kete mpya inayoitwa nyatipembe (farasi wa hadithi mwenye pembe moja), inayopita kwenye ncha za miraba kama mchemraba unavyokatwa kona kwa kona.

*Ile ya Spock kuishinda kompyuta ilikuwaje?*

Sehemu ya mwaka 1967, Kirk yuko mahakamani. Spock ndiye aliyeifundisha kompyuta ya chombo kucheza, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa kwamba akijitahidi sana atapata sare. Akajikuta anaifunga mara kwa mara. Hapo akajua kumbukumbu za kompyuta zimechezewa.