Mofini ya maji Uganda: kuipata na kuipima

Tangu 2004, muuguzi aliyesomea tiba shufaa (ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito) Uganda anaweza kuandika cheti cha kupewa mofini, dawa kali ya maumivu. Si lazima daktari. Ya kijani ni 5 mg kwa 5 ml, ya waridi 50 mg kwa 5 ml: mara 10! Rangi isikutoshe, soma lebo.

Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Vijiko vya chai havilingani. Mpe mgonjwa kila baada ya saa 4, hata kama hasikii maumivu, maana yakisharudi ni kazi kuyatuliza. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo: kichefuchefu cha mofini hupita baada ya siku chache, choo kigumu hakipiti. Akisinzia hata haamshiki vizuri, usimpe dozi inayofuata, mkimbize hospitali.