Villa moja Jinja, wanawake wanane: panga vitanda kwanza

Nimepanga safari nne za wanawake wa chama yetu kutoka Kisumu hadi Jinja, Uganda, na daftari imekuwa kwangu kila mara. Villa, yaani nyumba nzima ya kukodi, naipenda kuliko hoteli juu mnapika pamoja, mnashinda na leso mpaka saa nne asubuhi na hakuna mtu anawaangalia. Lakini kitu inakosanisha watu huko si nauli, ni vitanda.

Safari ya kwanza tuligawa pesa sawa kwa kila mtu. Walioshuka kwa gari mbele wakaingia chumba kikubwa chenye balkoni inaangalia Nile, na dada yetu mmoja mwenye goti bovu akaishia kitanda cha juu cha dabodeka ya watoto, na alikuwa amelipa sawa na wao. Hakusema kitu. Usiku nikasikia ile ngazi ya chuma ikilia akishuka kwenda choo, mguu mmoja, anapumzika, mguu wa pili, anapumzika tena. Tangu hiyo usiku sijawahi kugawa pesa kwa vichwa.

Hatua ya 1: Omba video ya kila kitanda

Picha za balkoni na swimingi puli hazitoshi. Mwambie mwenye nyumba atembee na simu chumba hadi chumba ukiwa kwa laini, uone kitanda ni futi ngapi, choo iko ndani ama ni ya wote, maji moto inatoka, stima ikipotea kuna jenereta. Hiyo video ya moja kwa moja pia ndio itakuonyesha kama nyumba iko kweli, usitume hata shilingi kabla yake.

Hatua ya 2: Fanyeni mnada wa vyumba

Hapa ndio naomba mnisikize vizuri. Kutaneni ana kwa ana, sisi hukutana Dunga, hapo ufuoni Kisumu, juu ya samaki, maneno ya vyumba kwa grupu ya WhatsApp huwa inageuka vita. Kwanza, kabla ya mnada, mwenye shida ya mwili apewe kitanda cha chini karibu na choo, na abaki na bei ya kawaida, asiongezewe. Na anayekoroma aseme mapema alale na mwenye usingizi mzito, si aibu.

Sasa tuseme nyumba ni 96,000 za Kenya kwa usiku tatu na mko wanane, vyumba vinne, wawili kila chumba. Kila mtu anaanza na 12,000. Anayetaka chumba kikubwa anaongeza, na chochote anaongeza kinapunguzwa kwa wale wanachukua chumba kibaya. Mwisho sisi tulifika hapa: chumba kikubwa chenye choo ndani 15,000 kila mtu, kile cha kuangalia mto 13,000, kile cha kulala wawili kitanda kimoja 11,000, na kile kidogo kando ya jikoni 9,000. Jumlisha uone, inatoka 96,000 ile ile. Na yule wa 9,000 alikuwa na furaha kabisa, alisema yeye hulala tu hata sakafuni, hiyo 3,000 atanunulia watoto viatu. Andika majina na vyumba, piga picha hiyo karatasi, kila mtu awe nayo kwa simu.

Hatua ya 3: Pesa mbele

Nusu ilipwe siku ya mnada, nusu ingine wiki mbili kabla ya safari. Anayejitoa atafute mtu wa kuchukua kitanda chake, ama pesa yake ibaki kwa nyumba, na hii isemwe kabla hajalipa. Kutuma Uganda, M-Pesa Global inafika kwa laini ya MTN ya huko, weka risiti kwa grupu.

Hatua ya 4: Karatasi za mpaka

Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho, pasipoti si lazima, lakini kadi ya manjano ya homa ya manjano usisahau. Sindano idungwe angalau siku 10 kabla ya safari, na ukishadungwa mara moja cheti ni cha maisha. Mkienda na gari yenu bebeni logibuku na bima ya COMESA, na kama gari si jina lenu, barua ya mwenye gari. Tokeni Kisumu alfajiri, Maseno, Ugunja, Bumala, mpaka Busia, halafu kutoka Busia ni kama kilomita 120 hadi Jinja, malori ni mengi, msiendeshe usiku.

Hatua ya 5: Kiti (mfuko wa pamoja) ya chakula

Sisi huchanga 3,500 kila mtu, wanane ni 28,000, na shilingi moja yetu ikiwa kama 28 zao, hiyo ni karibu 784,000 za Uganda mkononi mwa mweka hazina mmoja tu. Kupika ni zamu kwa chumba, si kwa mtu, chumba kimoja siku moja, na waliopika hawaoshi vyombo. Pombe isiingie kwa kiti, kila mtu ajinunulie, wasiokunywa wamenishukuru sana kwa hiyo.

Hatua ya 6: Mtoni

Nile hapo Jinja inavuta, hata ukijua kuogelea ziwani kwetu vaa jaketi ya kuokoa maisha. Kichocho pia iko, kwa hivyo msikae majini ya pembeni penye nyasi.

Hatua ya 7: Kurudi

Toeni mifuko ya plastiki mlionunulia vitu sokoni, Kenya ilipiga marufuku tangu 2017, wekeni kwa vikapu. Pesa ya kiti ikibaki badilisheni hapo Busia na mgawane papo hapo mkiwa wote, daftari ikiwa wazi, kabla gari haijafika Ugunja na mtu wa kwanza kuanza kutafuta begi yake ashuke.