Ngitili yako inabeba ng'ombe wangapi? Pima mwisho wa Mei, usisubiri Oktoba

Kila ifikapo Oktoba huku Shinyanga naulizwa swali moja: nyasi zimekwenda wapi? Jibu lilikuwa shambani tangu mwisho wa Mei, mbegu zilipopukutika na nyasi zikaacha kukua. Kuanzia hapo hadi mvua za Novemba, kilichosimama ndicho kilichopo. Kitaliwa, kitakanyagwa, kitaliwa na mchwa, lakini hakitaongezeka.

Kwa msomaji asiye wa Usukumani, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, mifugo ikishamaliza mabua ya mashambani. Ni desturi ya wazee ambayo ilififia, kisha ikapata nguvu tena baada ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanza mwaka 1986. Leo ngitili nyingi zinatunzwa vizuri. Kinachokosekana ni hesabu: mtu anafungua lango Septemba bila kujua amefungua siku ngapi za chakula.

Anza na walaji. "Nina ng'ombe 22" haisaidii, kwa sababu maksai na ndama wanahesabiwa sawa hapo. Andika kilo. Najua wazee wengi hawapendi kutaja idadi ya ng'ombe zao mbele ya mgeni, na mimi siulizi. Hesabu hii unaifanya mwenyewe, daftari linabaki kwako. Kwa zebu wetu wafupi unaweza kukadiria hivi: jike mzima kilo 230, maksai au dume 300, mtamba na dume changa 150, ndama 60, mbuzi 25. Tuchukue boma lenye majike 10, maksai 4, dume 1, mitamba na madume machanga 4, ndama 3 na mbuzi 20. Jumla ni kilo 5,080. Mtaalamu atakwambia hizo ni uniti 20 za mifugo, maana uniti moja ni mnyama wa kilo 250.

Mnyama anahitaji kwa siku chakula kikavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake. Kikavu maana yake maji yote yametoka. Boma letu basi linahitaji kilo 127 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Sasa nenda ukapime nyasi. Unahitaji fremu ya mita moja kwa mita moja (fito nne zilizofungwa kamba zinatosha), mundu, gunia na mzani mdogo wa dukani. Ingia ngitili kwa mstari ulionyooka toka kona hadi kona. Kila baada ya hatua 50 simama, weka fremu palepale mguu ulipofikia, hata kama ni mahali penye upara. Kata nyasi zilizo ndani ya fremu, ukiacha kisiki cha vidole vitatu. Magugu ambayo ng'ombe hawayagusi usiyatie kwenye gunia. Fanya hivyo mara 12 au zaidi.

Hapo kwenye "palepale" ndipo nilipoharibu mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nikiona upara nasogeza fremu kidogo pembeni, penye nyasi za kupendeza, nikijiambia kwamba upara si malisho. Nikamwambia mzee mmoja ngitili yake itamfikisha Novemba. Katikati ya Oktoba ilikuwa vumbi, na maksai wake akawapeleka kwa wakwe. Hakunilaumu, ila mwaka uliofuata alishika fremu yeye.

Pima uzito wa nyasi mbichi ulizokata, gawanya kwa idadi ya fremu. Tuseme umepata wastani wa gramu 450. Chukua gramu 500 kutoka kwenye gunia, zianike juu ya turubai siku tatu au nne, ukizigeuza, hadi upime leo na kesho uzito usibadilike. Zikibaki gramu 200, nyasi zako ni asilimia 40 kavu, kwa hiyo gramu 450 ni gramu 180 za chakula kikavu. Kila gramu moja kwenye mita ya mraba ni kilo 10 kwenye hekta. Hekta moja ina kilo 1,800.

Ngitili ya mfano wetu ni ekari 20, yaani hekta 8. Toa vichaka vizito, vichuguu, mawe na njia. Hapa tuondoe hekta moja. Kama kuna upande ulio mbali na lambo kiasi kwamba ng'ombe hawawezi kwenda kula na kurudi kunywa siku hiyo hiyo, nao utoe. Zimebaki hekta 7, kilo 12,600.

Usizigawe zote. Sehemu itakanyagwa na kuchafuliwa na kinyesi, mchwa watachukua yao, na sehemu ni lazima ibaki imesimama ili mashina yawe na nguvu ya kuchipua na ardhi isipigwe na mvua ya kwanza ikiwa uchi. Kwa nchi kavu kama yetu mimi natumia asilimia 40. Penye mteremko au udongo ulioanza kuchimbika shuka hadi 30. Kwa asilimia 40 tunapata kilo 5,040 za kulisha. Gawanya kwa 127: siku 40.

Siku 40! Mabua yakiisha mwishoni mwa Agosti, na nyasi mpya zisipate urefu wa kulika hadi katikati ya Desemba, unahitaji siku kama 105. Ukitaka ngitili hiyo idumu siku zote hizo, inaweza kutoa kilo 48 tu kwa siku, ambazo zinabeba uzito wa kilo 1,920. Hao ni maksai wanne na majike watatu wanaonyonyesha, basi, na ndama wao wapewe cha nyumbani.

Na huo ndio mpango ninaoupendelea. Ngitili iwe ya wale ambao ukiwapoteza umepoteza mwaka: maksai watakaolima Novemba, na majike wenye ndama au mimba kubwa. Waliobaki watafutiwe njia nyingine kabla ya Agosti. Jike mzee asiyeshika mimba na madume machanga ya ziada wapelekwe mnadani Juni au Julai, wakiwa bado na nyama mgongoni. Oktoba kila mtu anauza mifupa na mnunuzi anajua hivyo. Mabua ya mtama na mahindi yakatwe na kupangwa juu ya kichanja, maana ng'ombe wakiachiwa shambani wanakanyaga mengi. Kukodi ngitili ya jirani ni sawa, mradi uingie na fremu yako kabla ya kukubaliana bei. Ukifikiria kuziba pengo lote kwa kununua majani makavu, piga hesabu kwanza: unapungukiwa kilo 8,295, sawa na marobota 553 ya kilo 15.

Kuna jambo fremu haikuonyeshi. Nyasi za Oktoba ni makapi. Protini ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula vinakosa nguvu, na ng'ombe anakula kidogo ingawa nyasi zipo. Utaona nyasi zimedumu siku nyingi kuliko ulivyohesabu na ukadhani umefaidika, kumbe mbavu zinahesabika. Matunda ya migunga, majani ya lukina (mti wa malisho) na mashudu ya pamba, hata kidogo kidogo, vinamsaidia kuzitumia hizo nyasi.

Kwa malisho ya wazi yanayolishwa mwaka mzima, hesabu ni ileile ila unatumia siku 365. Uniti moja inakula kilo 2,281 kavu kwa mwaka. Hekta yenye kilo 1,800 inatoa 720, kwa hiyo unahitaji zaidi ya hekta 3 kwa uniti, karibu ekari 8. Mwaka wa ukame nyasi zikiwa nusu, ekari zinakuwa 16. Ndiyo maana siamini jedwali lolote linalosema "ng'ombe mmoja ekari kadhaa" kwa nchi nzima. Hata ngitili mbili zilizopakana hazifanani.

Hesabu zote hizi zinavunjika ng'ombe wa watu wakiingia usiku. Kwa ngitili ya kijiji, peleka namba dagashida, yaani mkutano wa jadi wa kijiji, mwezi Juni: siku ya kufungua, kila kaya iingize wangapi, na faini ya anayezidisha. Wakati wa kulisha, pita kila Jumatatu. Kisiki cha nyasi kikifika chini ya upana wa kiganja, funga lango, hata kama daftari linasema zimebaki siku tano.