Kabla hujanunua simu ya bei poa India

Jamani kabla hujatoa rupia zako hakikisha simu ina VoLTE (kupiga simu kupitia 4G), maana Jio, mtandao mmojawapo wa huko, hawana 2G wala 3G kabisa, kwa hiyo kitochi cha zamani ukiweka laini yao hakipigi hata kidogo, hapo tafuta laini ya mitandao mingine, Airtel au Vi. Na JioPhone, simu ya Jio wenyewe, imefungwa, haikubali laini nyingine. Kama ilishatumika, bonyeza *#06# uone IMEI (namba ya utambulisho wa simu), alafu andika KYM, acha nafasi, weka hiyo IMEI, tuma 14422, ukijibiwa imezuiliwa mrudishie mwenyewe hapohapo. Vifurushi navyo vingi ni vya siku 28 sio mwezi, yaani kwa mwaka unalipa mara 13, mi hilo linaniuma sana. Kuhama mtandao na namba yako, tuma PORT na namba kwenda 1900.